Disketi Juu ya Redio

Nyumba za Kambi Muru, mtaa wetu wa Kibera, zilijengwa kwa fito na udongo, na udongo hauzuii sauti. Gerishon Wakoli na mkewe Nabalayo walikuwa upande mmoja wa ukuta, mimi na cherehani yangu upande wa pili. Kwa hivyo mambo yao niliyajua bila kuyatafuta. Anayesema mimi, Mama Aoko, nilikuwa nikitega masikio, na aje aketi pale nilipoketi aone kama masikio yana kifuniko.

Wakoli alitoka Chwele, kijana mwembamba, mpole, wa kuinamisha kichwa kabla ya kujibu. Alianza kama tarishi katika ofisi moja mjini. Akipeleka barua alikuwa akisimama nyuma ya makarani wa kompyuta hadi afukuzwe, na kesho yake anasimama tena. Kufikia mwaka wa themanini na nane alikuwa ameshaijua ile mashine kuliko watu walivyodhani, akapata kazi ya msaidizi katika chuo cha kupiga chapa kule Kawangware, karibu na stendi ya matatu za 56.

Chuo kilikuwa cha Mzee Gichuru, mwenye ploti. Chini aliuza simiti, misumari na mabati, juu wasichana walikuwa wakipiga taipureta. Gichuru alikuwa amenunua kompyuta moja kuukuu, akaifunika kwa kitambaa cha maua, akaandika kwenye bango la nje kwamba anafundisha kompyuta. Kusema kweli hapakuwa na mtu wa kuifundisha.

Halafu ikasikika kwamba watu wa mitihani watakuja kukagua. Wakiona wanafunzi wanaandika programu na programu zinafanya kazi, chuo kitapewa kibali.

"Wakoli," Gichuru akamwambia, "hiyo kitu ikifanya kazi mbele yao, wewe ni mwalimu. Isipofanya, nitatafuta kijana wa town."

Kwa mtu mwingine hilo lilikuwa jambo la cheo tu. Kwa Wakoli na Nabalayo lilikuwa jambo la mtoto. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemzika Nekesa, binti yao wa pekee, kifua kilimbana wakati wa mvua ndefu katika chumba kile kinachovuja. Nabalayo aliapa kwamba hatabeba mimba nyingine ndani ya kuta zile. Mshahara wa mwalimu ungewapa chumba cha mawe Kawangware, chenye sakafu kavu. Walikuwa wamekwisha kukitazama, na Nabalayo alikuwa amekwisha kuamua kitanda kitakaa wapi.

Sasa, kazi yenyewe. Kompyuta haielewi maagizo jinsi mtu anavyoyaandika. Inahitaji programu nyingine katikati, inayoitwa kompaila, iyageuze maagizo yale yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Nilipomuuliza ni mnyama gani huyo, Wakoli aliniambia, "Ni kama wewe, Mama Aoko. Mteja anakuja na maneno, anaenda na nguo." Tangu siku hiyo nilijiona mtu wa maana.

Kompaila aliyokuwa nayo Gichuru ilikuwa kubwa, imejaa disketi kadhaa, na ilitaka mashine yenye nafasi mbili za kutia disketi. Ya chuo ilikuwa na moja. Wakoli alitia hii, akatoa, akatia ile, mashine ikadai ya kwanza, na mwisho wa yote ikasema haina kumbukumbu ya kutosha. Akaacha kuibembeleza. Akaenda kwa rafiki yake wa ile ofisi ya zamani, akarudi na kompaila nyingine, ndogo, inayoenea yote ndani ya disketi moja.

Hiyo nayo ilikuwa na vituko vyake. Kwanza ilikataa kuamka, kwa kuwa ilitaka mfumo wa kuwashia mashine wa toleo jingine. Alipoupata, herufi zikatokea zimevurugika kwenye kioo, mpaka akaionyesha ni kioo cha aina gani. Kisha programu ambazo wanafunzi walikuwa wameziandika kwa kufuata kitabu cha ile kubwa zikakataliwa, maana kompaila mbili za lugha moja hazisemi sawasawa, kama Mbukusu na Mlogoli, kabila moja lakini kila mmoja na matamshi yake. Wakoli hakukasirika hata mara moja. Alikuwa akibadilisha kitu kimoja, anajaribu, anasoma mashine imesema nini, anabadilisha kingine. Wanafunzi aliwaambia, "Msilaumu mashine kabla hamjaiuliza." Siku ilipokubali, alirudi Kibera akiimba tangu reli, na Nabalayo akakaanga mayai.

Lakini mwanafunzi mmoja nusura aifute ile disketi akihifadhi barua ya mazoezi. Disketi nyingine tupu haikuwapo, Gichuru alikuwa mgumu kama msumari wa dukani kwake. Wakoli akaamua kwamba kila jioni ataibeba nyumbani. Akamkabidhi mkewe, akampa na masharti: isiguswe na maji, isipate moshi, isikunjwe. "Na zaidi ya yote, sumaku. Ikikaribia sumaku imekufa."

"Sumaku iko wapi kwa hii nyumba?" Nabalayo akauliza.

"Iko kwa redio. Nyuma ya spika."

Redio hiyo niieleze. Ilikuwa kubwa, ya mbao, zawadi ya kaka zake Nabalayo siku ya arusi. Ilikaa kwenye stuli pembeni, chini ya bati pekee lisilovuja, imefunikwa kitambaa alichokishona mwenyewe kwa mkono. Kwetu juu ya redio ni mahali pa heshima. Hapo ndipo huwekwa cheti cha ubatizo na barua ya nyumbani. Juu ya redio hiyo palikuwa na picha ya Nekesa. Na Nabalayo alikuwa mgonjwa wa vipindi vya salamu. Alikuwa akituma kadi, kisha anakaa akingoja jina lake lisomwe, na likisomwa anagonga ukuta kwangu, "Mama Aoko, umesikia?" Nasikia wapi, na cherehani inanguruma!

Wiki ile redio ilinyamaza. Wakoli alipouliza, mkewe alisema betri zimeisha. Hakuuliza zaidi, akili yake yote ilikuwa Kawangware.

Asubuhi ya ukaguzi Wakoli alivaa shati nililomkazia kola mimi mwenyewe. Nabalayo akainua kitambaa, akaitoa disketi juu ya redio. Wakoli akashtuka.

"Hapo ndipo unawekanga?"

"Usijali, Baba Nekesa. Hiyo nimeangalia. Enda, utachelewa."

Akaenda. Na mbele ya wakaguzi wawili, wanafunzi wamejipanga na Mzee Gichuru amevaa tai, kompyuta ilikwaruza, ikanyamaza, ikaandika kwamba haiwezi kusoma disketi. Wakoli akaitoa, akaipangusa, akairudisha. Ikakwaruza tena. Akazima mashine, akawasha, akajaribu tena na tena, jasho limeloanisha ile kola. Wakaguzi wakatazamana, wakafunga mikoba yao. Gichuru hakupiga kelele. Alisema tu, "Umeniaibisha," akateremka kwenye simiti yake.

Njia nzima ya kurudi Wakoli alikuwa na jibu moja kichwani: redio. Hakufikiri kwamba siku zote disketi ilikuwa ikilala pale pale na kila asubuhi ikifanya kazi. Mimi sijasoma kompyuta, lakini hata mimi hilo ningeliona.

Nilisikia mlango ukipigwa.

"Si nilikuambia spika iko na sumaku?"

"Uliniambia, Baba Nekesa. Kwani nini imefanyika?"

"Imekufa! Disketi imekufa! Nimesimama pale kama mjinga!"

"Pole. Lakini si redio. Ifungue uone."

"Nifungue nini?"

"Fungua hiyo redio kwanza, alafu useme."

Maneno machache tu, naye ana bisibisi mfukoni, mtu ambaye hajawahi kuona kifuniko asitamani kukifungua. Hakufungua. Ulimi hauna mfupa, nao wa Wakoli, uliokuwa mpole miaka yote, siku hiyo ulitoka na kitu ambacho sikupenda kukisikia wala sipendi kukiandika.

"Kila kitu kikiingia kwa mikono yako kinakufa," akasema.

Cherehani yangu ilisimama yenyewe. Upande wa pili hapakuwa na kilio wala jibu. Nilitamani Nabalayo avunje sahani, amrushie sufuria, atukane ukoo wote wa Chwele, kwa maana mwanamke anayegomba bado yupo nyumbani.  Nilisikia tu akizoa majivu jikoni, taratibu, kama jioni nyingine yoyote.

Asubuhi nilimkuta kwenye bomba la maji, sanduku lake dogo la bati liko begani, na picha ya Nekesa ameishika mkononi.

"Nabalayo, ni hasira tu," nikamwambia. "Ulimi hauna mfupa."

"Ndio, mama. Lakini ulijua pahali pa kuuma."

Akanishika mkono, akaenda kupanda gari la Kimilili, kwao.

Siku chache baadaye Wakoli alifungua kompyuta ya chuo. Ndani, pale disketi inaposomwa, alikuta vumbi la kijivu limeganda. Kumbe usiku wa kuamkia ukaguzi lori lilikuwa limeshusha simiti chini, madirisha ya juu yakiwa wazi. Akapangusa kwa spiriti, akatia ile ile disketi iliyokufa. Ikasoma kutoka mwanzo hadi mwisho, haina hata doa.

Alikuja kuniambia akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Ilikuwa simiti, Mama Aoko."

"Basi nenda umlete mkeo! Unaniambia mimi nifanye nini?"

"Atarudi. Nikimfuata mbio watu watasema nini?"

Watu! Nilimkasirikia mpaka nikamtoza bei ya wageni kwa suruali. Nikimtazama sasa namwona alivyoogopa, wala hakuwa na kiburi kikubwa. Lakini mwoga na mwenye kiburi wote huchelewa kupanda gari. Wakaguzi walirudi muhula uliofuata. Kompaila ile ndogo ikaamka, programu zikakubali, Gichuru akapata kibali na Wakoli akaitwa mwalimu. Kile chumba cha mawe kilikuwa bado kitupu, akakilipia. Alisema atakipanga kwanza, kisha amwite Nabalayo aje akute kila kitu tayari.

Siku ya kuhama nilikwenda kumsaidia kukunja vitambaa. Aliinama kuinua redio, akajiandaa kwa uzito, karibu aanguke kinyumenyume. Ilikuwa nyepesi. Tukatazamana. Akatoa bisibisi, akafungua mgongo wake pale pale sakafuni. Waya mbili zilikuwa zimefungwa vizuri kwa utepe wa gundi, na mahali pa spika palikuwa na tundu, na ndani ya tundu Nabalayo alikuwa ametandika kitambaa safi.

 Wakoli akatoka mbio hadi kwa Okeyo, fundi wa redio wa mtaa wetu, nami nikamfuata nikihema.

"Spika ya Mama Nekesa?" Okeyo akasema, akivuta kitu kilichofungwa kwa gazeti chini ya meza. "Si hii. Alikuja na redio mwenyewe akaniambia niitoe, ati kwa nyumba yake hakuna pahali pengine pakavu pa kuweka kitu ya bwanake. Akasema atakuja kuichukua wageni wa chuo wakishaenda. Nikangoja. Kwani yuko wapi?"

Majuto ni mjukuu, watu husema, lakini huyu alizaliwa akiwa na meno. Wakoli alilia mbele ya kioski cha Okeyo, mchana, watu wakipita na ndoo zao. Jambo alilolijua kuliko mtu yeyote Kibera ni kuuliza kabla ya kulaumu, na mahali pamoja palipohitaji swali moja tu hakuuliza.

Okeyo alirudisha spika siku hiyo hiyo bila kudai chochote. Wakoli akatia betri mpya, akaifunga redio kwa shuka, akapanda gari la Kimilili. Nilimwombea, na mimi si mtu wa kuomba ovyo. Nikaweka kando kitambaa cha pazia kwa ajili ya chumba cha mawe, cha manjano, rangi anayoipenda Nabalayo.

Alirudi bila redio na bila mke. Alipita kwangu kabla ya kwenda Kawangware, na safari hii alikaa.

Nabalayo alikuwa amempokea vizuri, akasema. Alimwekea kiti na chai. Aliipokea redio yake, akaiweka juu ya meza ya mama yake, akaiwasha, ikaongea. Wakoli akamweleza yote: simiti, Okeyo, chumba kikavu. Akaomba msamaha, akapiga magoti mbele ya kaka zake. Nabalayo alimsikiliza hadi mwisho.

"Siku hiyo mashine uliiuliza mara ngapi?" akamwuliza.

"Mara nyingi."

"Na mimi?"

 Nabalayo akamjazia kikombe.

"Nimekusamehe," akamwambia. "Kunywa chai, Wakoli, gari isikuache."

Nilimwambia wanawake wengine husema hivyo wakitaka kufuatwa tena, kwamba angoje mwezi mmoja aende na wazee, kwamba kusamehewa ni mlango. Nilisema mengi, mdomo wangu haukosi. Yeye alikuwa akitazama mikono yake. Tangu Nekesa azaliwe, na hata baada ya kumzika, mkewe hakuwahi kumwita kwa jina jingine ila Baba Nekesa.

"Ameniita Wakoli, Mama Aoko," akasema.