Jiwe Lililopanda Mbele ya Chomba

Chomba alikuwa mshika mira. Kazi yenyewe ni kusimamisha mira, mti mrefu wenye tarakimu, juu ya jiwe la kipimo, unyooke kama bwana harusi mbele ya baba mkwe, huku mkubwa akichungulia kwenye darubini. Kwa miaka kumi na mmoja hakupepesuka, hata siku nyuki walipomwingia kofiani. Nyuki ndio waliochoka.

Mwaka ule serikali ilipotuvua majina ya ubatizo na kutuita wote Citoyen, yaani raia, kilima cha mawe ya taka pale mgodini, kaskazini ya Lubumbashi, kilikuwa kimekwisha kuchotwa chote kujengea barabara. Tangu hapo jiwe la kipimo lililokuwa mguuni pa kilima hicho likawa linapanda, unywele kwa unywele. Mkubwa wake, Citoyen Kunda, alisema mawe hayaoti; anayeyumba ni Chomba. Kipimo kikikosea tena, atarudi kwenye beleshi.

Chomba akawashuku mchwa, maana Katanga hii mchwa hunyanyua hata kanisa pamoja na padri wake. Akachimba pembeni mwa jiwe siku nzima akimtafuta malkia. Hakuna mchwa hata mmoja.

Siku ya kipimo alikuwepo mwalimu wa chuo kikuu, Citoyen Kapya. Jiwe lilikuwa limepanda tena. Kunda alipoanza kufoka, Kapya aliuliza habari za mawe mengine. Chomba akajibu kwa kichwa, bila daftari: la mguuni pa kilima limepanda zaidi, la mbali kidogo limepanda kidogo, la barabarani halikutikisika.

Kapya akakaa chini. Alieleza kuwa huko kaskazini ya dunia barafu nene, kilomita mbili, hata tatu, iliwahi kuikalia ardhi ikaibonyeza. Iliyeyuka zamani za zamani, lakini ardhi inainuka hadi leo, na fukwe za kale zimebaki juu vilimani na kome zake. Palipolemewa zaidi ndipo panapoinuka zaidi. Hapo wataalamu husoma barafu ilikuwa wapi, na nene kiasi gani.

Chomba alimfikiria mama yake, aliyebeba mihogo tangu kijijini Kasomeno hadi sokoni; alipoacha, mgongo wake ukachukua miaka kunyooka.

"Kumbe udongo haisahau mwenye aliikaliaka?"

"Haisahau, Citoyen. Hapa mzigo ilikuwa kile kilima tu, basi na kupanda ni kidogo."

Kunda akarudi kwenye darubini.

"Shika mira, Chomba. Tupime tena."

Safari hii Kunda aliandika tarakimu kwa wino, siyo kwa kalamu ya risasi inayofutika. Chomba aliona, akazidi kunyooka.