Mpinzani wa Leo kwenye Mradi wa Kichocho

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kikapu cha vikopo vyenye vifuniko, nikaambiwa nikakusanye mikojo ya watu. Nilikuwa nimetoka kwetu Waa nimevaa baibui jipya, nimejipulizia marashi, nikidhani utafiti ni kukaa mezani na kompyuta. Msimamizi wa maabara pale Msambweni, mwanamke mkali asiyepoteza maneno, alinitazama juu mpaka chini. "Marashi mazuri, Mwanaisha," akasema. "Utayahitaji."

Tulikuwa tukitafuta kichocho, ugonjwa unaowapata watoto wakioga mabwawani, hata wakakojoa damu. Mkojo tuliupitisha kwenye kichujio chembamba, kisha tukatafuta mayai ya minyoo kwa hadubini. Mayai hayo yana saa zake: hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukichelewa utaona kikopo safi, umwambie mgonjwa kuwa ni mzima. Kwa hiyo saa hizo hatukula wala hatukupiga soga.

Baadaye tuliletewa mratibu wa mradi kutoka bara, Daktari Mutua. Msomi, mpole, na hakujua kabisa mambo ya pwani. Kikaoni alipanga tuwapime watu wazima wa kijiji cha Mwabungo siku ya Ijumaa, na meza iwekwe njia ya msikitini, maana pale ndipo watu hupita. Siku ya kikao hicho mimi nilikuwa nimepeleka sampuli Kwale. Wenzangu Waislamu walikuwamo, na wote walinyamaza. Kwetu mkubwa hapingwi mbele za watu. Kila mmoja alingoja mwenzake akamnong'oneze Daktari faraghani, na hakuna aliyekwenda.

Basi Ijumaa ikafika. Wanaume wanakwenda kuswali, na kanzu zao na udhu wao, wakakuta meza ya vikopo vya mkojo imewazibia njia. Baada ya alasiri tuliitwa sote uani kwa mwenyekiti wa msikiti, na kijiji kilikuwa tayari kujitoa kwenye mradi. Watoto wa Mwabungo walikuwa wamekunywa dawa lakini hawajapimwa tena. Tungefukuzwa, tusingejua nani amepona na nani bado anakojoa damu.

Mwenyekiti alimgeukia Salim, mwenzetu aliyeipanga ile meza. "Salim, wewe umezaliwa hapa. Hata wewe huijui Ijumaa?"

Salim aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, maana sisi tungepanda gari tukaondoka, yeye angebaki na fedheha kwao.

Daktari Mutua akasimama. "Shikamoo, mzee. Salim alifuata amri yangu. Siku nilipanga mimi, na meza nilisema mimi iwekwe pale. Naomba radhi."

"Marahaba. Na hawa wenzako hawakukwambia?"

Angeweza kutumwagia lawama zote, na wenzangu walizistahili. "Sikuwauliza, mzee," akasema. "Kama watu wangu wananiogopa, kosa hilo pia ni langu."

Mwenyekiti aliwatazama wazee wenzake, akavuta ndevu. "Haya. Njooni Jumatatu. Na hiyo meza yenu kaiwekeni shuleni."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, wengine hodari wa kupaza sauti, wengine hodari wa kujificha. Sijamwona mwingine aliyejitwika mzigo wa watu wake hadharani namna ile. Kwa siku ile tu, nampenda mpaka leo.

Jumatatu alituletea mtindo mpya. Kikaoni, wa cheo cha chini ataanza kusema na yeye atasema mwisho. Tena kila siku mmoja wetu atakuwa mpinzani wa leo, kazi yake kuutafutia mpango kasoro. Zamu ya kwanza akapewa Salim. Maskini, alivyojizungusha!

"Samahani, Daktari, sisemi umekosea, Mungu apishe mbali, ila labda hilo gari..."

"Sema, Salim."

"Gari halina mafuta, Daktari."

Tulicheka mpaka basi, na ndimi zikafunguka.

Daktari alipohamishwa, nilipandishwa cheo nikawa msimamizi wa nyanjani, nikaushika mtindo wake. Ninyi mnaoanza sasa msidanganyike, kupingwa na mtoto uliyemfundisha mwenyewe kushika hadubini kunauma. Nilikuwa nikinuna njia nzima, kisha tukifika kijijini naona alisema kweli. Kiongozi asiyetaka kuudhika na akae peke yake.

Siku yangu ya kustaafu, mratibu wa sasa alitangaza kikaoni kwamba nitaagwa saa saba mchana. Pilau limeagizwa na wageni wameshaalikwa. Zamu ya upinzani ilikuwa ya Riziki, binti aliyeajiriwa juzijuzi. Alisimama.

"Samahani, Mratibu. Samahani, Bi Mwanaisha. Saa saba ndipo mayai yanapotoka, na watoto wa shule wanatungoja. Naomba pilau lingoje mpaka saa tisa."

Mratibu akanitazama mimi. Riziki naye akanitazama, machozi yanamlengalenga.

"Umekasirika, Bi Mwanaisha?"

Nilikuwa nimevaa baibui jipya, nimejipulizia marashi kama siku ile ya kwanza.

"Nikasirike nini, mwanangu?" nikamwambia. "Nipe hicho kikapu cha vikopo, twende."