Bi Dakika na Betri za Ngazini

Jina la Bi Dakika alipewa na wapangaji, na alilistahili. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa fundi umeme wa jengo lile la ghorofa sita, na kila mwezi alizunguka na saa ya kengele iliyopiga kelele kama cherehani, kupima taa za dharura zinawaka dakika ngapi umeme ukikatika. Ngazi zilikuwa katikati ya jengo, hazina dirisha hata moja. Taa za kawaida zikizimika, hata saa sita mchana huoni kidole chako. Ndiyo sababu ukutani palifungwa taa ndogo zenye betri ndani, na zilitakiwa kuwaka dakika tisini.

Zilikuwa zinawaka dakika nne.

Haya yote yalikuwa daftarini. Bi Dakika alikuwa na utaratibu wake, na humtoi humo hata kwa winchi: taa iliyofaulu aliiandika kwa wino, iliyofeli kwa penseli, na penseli haifutwi mpaka taa itengenezwe. Miezi saba sasa, ukurasa wa ngazi ulikuwa penseli tupu.

Mara saba alikwenda kwa meneja kuomba betri mpya. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mbishi tu.

"Bi Dakika, mbona kile kitaa cha kijani kinawaka?"

"Kile kinakwambia umeme unaingia kwenye betri, mkubwa. Hakikwambii kama betri inautunza."

"Kijani ni kijani, mama. Tutaona."

Kilichomnyima usingizi Bi Dakika hasa kilikuwa mguu wa mdogo wake. Mdogo wake alikuwa fundi cherehani ghorofa ya sita, na mguu wake wa kushoto haukukunjika sawasawa tangu utotoni. Siku moja Bi Dakika alimpima kwa saa bila kumwambia. Kutoka ghorofa ya sita hadi mlango wa chini, dakika kumi na moja. Ukitoa nne zinabaki saba, na hizo saba zilimzunguka kichwani kila alipojilaza: mdogo wake gizani, mkono ukutani, watu wanamsukuma kwa nyuma.

Basi akaamua kumfundisha meneja hesabu.

Meneja alikuwa ameambiwa na daktari apunguze kitambi. Kila siku saa kumi alasiri alipanda ngazi kwa miguu hadi ofisini kwake ghorofa ya tano, simu kaiacha mezani ikichaji. Ghorofa ya tatu aliketi kupumzika, tena kwa raha zake, akidhani hakuna anayejua. Bi Dakika akaandika tangazo: majaribio ya taa za ngazi, Alhamisi, saa kumi alasiri, tafadhali tumieni lifti. Akampelekea alitie sahihi. Meneja akalitia sahihi kama alivyotia kila karatasi, macho yakiwa kwingine. Tangazo likakaa ubaoni wiki nzima na kila mtu akalisoma, isipokuwa mwenye sahihi.

Alhamisi ilipofika, Bi Dakika alijiweka ghorofa ya nne, kando ya sanduku la swichi, saa pajani na tochi mkononi. Aliposikia pumzi nzito inakaribia ghorofa ya tatu, akazima. Taa za dharura zikawaka zote.

"Si hizi hapa!" meneja alijisemea kwa ushindi. "Kijani ni kijani!" Akaketi.

Dakika ya nne zikafifia, zikaenda zao.

"Nani kazima?" Meneja akapapasa ukuta. "Kuna mtu? Nini hicho kinachogonga?"

Ilikuwa saa ya Bi Dakika. Alijikausha, ameuma ncha ya mtandio asicheke. Na huruma ilimshika, tusimsingizie, ila kicheko kiliwahi mbele.

"Mama!" meneja akapiga ukelele. "Mama weee!"

Hapo tochi ikawaka. "Pole, mkubwa. Ni majaribio, umeyatia sahihi mwenyewe." Akashuka, akafungua daftari, akaandika huku anasoma kwa sauti: "Taa zimezimika dakika ya nne. Meneja amemwita mama yake dakika ya sita."

"Hilo la mwisho lina haja gani?"

"Ndivyo ilivyokuwa. Lakini ni penseli, usijali. Betri zikija, nafuta ukurasa wote."

"Na zisipokuja?"

"Mwisho wa mwezi daftari linakwenda kwa mwenye jengo. Yule anasoma kila kitu."

Betri zilifika Jumatatu, maboksi manne. Bi Dakika alizifunga moja moja, kila moja akaiandika tarehe ubavuni, akaziacha zijae, akapima: dakika tisini na tatu. Akafuta ukurasa. Meneja alisimama juu yake mpaka chembe ya mwisho ya raba ikapeperushwa, kisha akaondoka bila kuaga.

Wiki tatu baadaye umeme wa mtaa mzima ulikatika saa nane mchana. Wapangaji walishuka wanapiga soga, ngazi nyeupe pe. Bi Dakika alisimama mlango wa chini na saa yake, akimsubiri mmoja tu. Dakika ya kumi na moja ikapita. Ya kumi na tano. Ilipofika ya ishirini, roho ikamruka, akapanda mbio, yeye na miaka yake hamsini na nane.

Alimkuta ghorofa ya tatu. Mdogo wake ameketi kwenye ngazi, utepe wa kupimia umemzunguka meneja kiunoni, wote wawili wanacheka.

"Wewe!" Bi Dakika alifoka, pumzi hana. "Umenitoa roho! Kwa nini hushuki?"

"Suruali zote zinamvuka, dada, anataka zipunguzwe. Si ulisema tuna dakika tisini? Unanikimbiza wapi?"

Bi Dakika alifungua kinywa amgombeze, machozi yakamtangulia. Akaketi karibu na ule mguu mbovu, akaiweka saa chini na kuigeuza uso ukutani.