Kombe la Kemi halizikwi

Akili yangu imegoma jamani. Jana tumemzika Kemilembe kule Rubafu, udongo nimeutupa kwa mkono wangu mwenyewe, na leo asubuhi nimemtumia meseji kumuuliza kama jioni tunafanya mazoezi.

Kwa wasiomjua, Kemi ndiye bingwa wa tenisi wa wanawake mkoani kwetu. Kila mwaka kombe lilirudi nyumbani kwake Rwamishenye, na kila mwaka aliyefungwa kwenye final nilikuwa mimi.

Tulifanya kazi ofisi moja hapa Bukoba, meza zetu zinatazamana. Ofisini alikuwa mpole hadi unakereka. Boss akimsukumia report ya mtu mwingine, anapokea na kushukuru. Tukifika uwanjani, mpole huyo anabaki getini.

Mpira aliupiga kama anakata mgomba. Siku moja nilijitia kusogea kwenye neti, akanipiga nao mdomoni, mdomo ukapasuka. Nikamwambia, "Kemi, umeniua." Akasema, "Hujafa. Rudi kwenye mstari." Nilitema damu, nikarudi kwenye mstari.

Tulipendana hivyo. Asiyeelewa aache.

Sasa nisikilizeni, maana naona mnaandika "ametutoka ghafla". Hakututoka. Aliuawa, mchana kweupe, stendi ya Muleba, watu wakirekodi kwa simu zao.

Tulikuwa tumetoka kuwafundisha tenisi wasichana wa sekondari. Pale stendi tukakuta umati umemzunguka mvuvi mmoja aliyeshuka kutoka kisiwani Goziba. Simu ya mama muuza ndizi ilikuwa haionekani. Walimhoji kwa Kihaya, yeye akajibu Kisukuma kwa woga. Hiyo ikawa ndiyo kesi na hukumu yake.

Alikuwa ameshavunjwa goti kwa rungu, analia anamwita mama yake. Kemi akanipa begi, akachomoa raketi, akaingia. Nilimshika blauzi nimzuie, ikachanikia mkononi mwangu.

Akasimama juu ya yule mvuvi. "Muulizeni kwa Kiswahili," akasema. "Mtu hata hamjamsikia."

"Huyu naye ni mwenzake," mmoja akajibu. "Mpigeni na yeye."

Wa kwanza kuinua rungu alichapwa raketi ya kifundo cha mkono, nikasikia mfupa ukilia. Wa pili alichapwa ya uso. Mniwie radhi, lakini niliona fahari. Hata pale backhand yake ilikuwa safi.

Tofali lilitoka nyuma, likampata kisogoni. Akaanguka kifudifudi, wakamkanyaga mgongo, wakamkanyaga shingo, mpaka mama mmoja alipomtambua. "Mae, huyu si yule bingwa?" Hapo ndipo miguu ikatulia. Asingekuwa bingwa, wangeendelea.

Hakufika hospitali. Alikata roho njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Mvuvi yuko hai, wodini, na mguu wake umening'inizwa. Simu ilikutwa nyumbani kwa yule mama muuza ndizi, iko kwenye chaji.

Na wewe uliyeweka emoji za kulia kwenye post yangu ya jana, ukaandika "rekodi ya malkia wetu haitavunjwa milele", mimi nilikuona na tofali. Jina lako polisi nimewapa mimi. Futa comment, badilisha picha, hamia utakako. Siku ya kesi nitakaa mbele kabisa.

Hilo la rekodi ndilo limenifanya niandike. Jana baada ya maziko, mwenyekiti wa chama chetu cha tenisi alisimama akatangaza kwamba kamati imekaa meeting na kuamua kumuenzi. Shindano la wanawake lifungwe, kombe libaki kwa familia, na rekodi ya Kemi isiguswe na mtu yeyote. Watu wakapiga makofi, msibani.

Nikasimama. "Mwenyekiti, sikubali. Mashindano yapo mwezi ujao, yachezwe."

"Kwa hiyo unataka kushinda sasa kwa sababu hayupo?" akaniuliza, mbele ya mama wa marehemu.

Nilikishika kiti changu cha plastiki na Mungu anajua kilitaka kwenda wapi. Nikasema, "Ndiyo, nataka kushinda. Nilitaka akiwa hai na leo nataka. Mkilificha hilo kombe, wale wasichana wa Muleba aliowafundisha watashindania nini?"

Mama yake Kemi alikuwa hajasema neno tangu mwili ufike. Akainuka mkekani, akaingia ndani, akatoka na kombe lililoletwa kutoka Rwamishenye, limefungwa kwenye kanga. Nilidhani anampelekea mwenyekiti. Akaja kuniwekea mikononi.

"Genda, mwana wange," akaniambia. "Nenda mkacheze. Mwanangu mmeshamzika, hili msilizike. Na ukishindwa, mpe aliyekushinda."

Mwenyekiti akakaa. Mimi nikalia kwa sauti, mbele za watu, na sikuona aibu.

Kemi, kila ulipomaliza kunifunga ulikuwa unaniambia, "Mwakani nifunge, bwana. Kushinda watu wanaoniogopa ni kama kujaza report." Mimi sikukuogopa, mae. Nilikuwa sikuwezi tu.

Rekodi yako ni ndefu, najua. Huenda magoti yangu yasitoshe. Basi itavunjwa na msichana mmoja wa Muleba, nitakayempasua mdomo mimi mwenyewe na kumrudisha kwenye mstari. Ila naanza mimi.

Lala sasa, dada yangu. Nakuja kuichukua.