Wasomaji wa Insha Yangu

Mpaka leo nikisikia mashine ya kukata nyasi mahali, hufunga madirisha. Utaniambia ni nyasi tu, nami nitakubali, lakini masikio yangu yalijifunza mambo yao mapema, katika kambi ya wachuma chai upande wa Kericho, mashine za kuvuna majani zilipoingia shambani zikinguruma tangu alfajiri na kuacha harufu mbichi iliyofika hadi jikoni kwetu.

Mama alikuwa amechuma majani chai hapo tangu atoke Kisii akiwa msichana. Mashine zilipokuja, yeye na wenzake wakaambiwa kazi imekwisha, na nyumba za kampuni waziache mwezi ukiisha.

Shuleni, Madam Chelangat, mwalimu wetu wa Kiswahili, alikuwa ametuanzishia blogu ya darasa. Kila Ijumaa aliweka humo insha ya mmoja wetu kwa laptopu yake mwenyewe, na sisi wengine tukaandika maoni chini yake, ili tuzoee kusomana. Alituhimiza tuandike kwa makini kwa sababu dunia nzima ilikuwa inasoma. Tulimwamini kabisa. Kiprono, tuliyekaa naye dawati moja, alianza kuchana nywele siku za blogu, asije akaonekana vibaya.

Wiki hiyo niliandika juu ya mikono ya Mama, iliyotiwa weusi na utomvu wa chai usiotoka hata kwa sabuni, nikauliza sasa itafanya kazi gani. Madam aliisoma, akaiweka bila kubadilisha kitu. Chini ya ukurasa kulikuwa na namba ya wasomaji. Tukafungua, ikapanda. Tukafungua tena baada ya uji, ikapanda zaidi, darasa likapiga makofi.

Nilikimbia nyumbani kumwambia Mama kwamba watu wanasoma habari zake. Tangu hapo kila jioni aliniuliza namba imefika wapi, na kila jioni nilikuwa na namba kubwa kuliko ya jana. Majirani walikuwa wanafunga vitanda kwa kamba, lakini yeye aliendelea kupalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba.

"Watu wengi hivyo hawawezi nyamaza, Moraa," alisema. "Ngoja tu, mkubwa mmoja ataona."

Mwezi ukaisha. Lori likaja, tukatupa vitu ndani ovyo ovyo, na sukuma wiki ikabaki imestawi vizuri. Madam alikuja kutuaga. Mama akamshika mkono, akamshukuru kwa wasomaji wote wale. Madam akauachia mkono upesi, akaokota sufuria iliyobaki chini, akaipandisha kwenye lori. Nilidhani ana haraka.

Nilikuwa mtu mzima nilipoitafuta blogu ile kwenye simu. Ilikuwapo. Nikafungua, namba ikapanda kwa moja. Nikafunga, nikafungua tena, ikapanda. Kumbe ilihesabu kila mara ukurasa ulipofunguliwa, hata na mtu yule yule. Dunia nzima ilikuwa ni sisi darasani, pamoja na Madam, ambaye sasa nadhani alikuwa akiifungua hata nyumbani kwake, kwa maana hakuwa na kitu kingine cha kutufanyia.

Mama yuko Kisii, amezeeka. Mara moja moja huniuliza kama wale watu bado wanasoma. Namwambia wanasoma, halafu naenda pembeni kuifungua, nisiwe nimemdanganya.