Tansio ya Mama Yangu

Mara mbili mama yangu alirudishwa nyumbani kutoka hospitali bila kupasuliwa jicho, kwa sababu kila alipoona koti jeupe tansio yake, yaani shinikizo la damu, ilipanda. Kwetu Bukavu, sebuleni, ilikuwa sawa kabisa, niliipima mwenyewe. Mtoto wa jicho alikuwa ameshafunika macho yote mawili, naye akitutambua kwa sauti tu. Niliogopa kwamba akirudishwa mara ya tatu hatakubali kwenda tena. Namjua, akisusa amesusa.

Mimi ni muuguzi, na nina ugonjwa wa kueleza. Nikakaa naye jikoni nikamfundisha: ubongo ukihisi hatari, kemikali iitwayo noradrenalini inauamsha, nao unatuma amri hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Hizo zinamwaga homoni za wasiwasi, adrenalini na kortizoli, na tansio inapanda. Kuna kemikali nyingine, GABA, inayoshika breki.

Mama alisikiliza huku akichambua maharage kwa vidole.

"Ile ya breki," akauliza, "munaiuzishaka wapi?"

Nikamwambia kila mtu anayo kichwani. Akasema basi ya kwake imelala.

Safari ya tatu nilimsindikiza nikiwa nimejipanga. Kila baada ya dakika chache nilimkumbusha atulie, avute pumzi, asifikirie kisu. Tansio ikapanda kuliko siku zote. Muuguzi wa pale, msichana niliyemzidi miaka mingi, alinishika mkono akanitoa nje kwa heshima zote.

"Maman," akaniambia, "ni weye uko unamuogopesha."

Nilikasirika, sitaficha. Nikakaa koridoni nimenuna, mpaka nikasikia vicheko ndani, nikachungulia. Mama alikuwa ametoa maharage kwenye mfuko wake, maana hajui kukaa bila kazi, na mgonjwa mwenzake, mama mmoja kutoka Walungu, alikuwa akimsaidia. Wote wawili hawaoni. Mawe waliyoyatoa wanayarudisha tena, na wanachekana. Walipompima upya katikati ya hadithi zao, tansio ilikuwa imeshuka. Akapasuliwa siku hiyo hiyo.

Kesho yake bandeji ilifunguliwa. Nilisimama mbele yake, safari hii nimefunga mdomo. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono akagusa nywele zangu.

"Kumbe uko na mvi, mutoto yangu," akasema. "Na hakuna mutu aliniambia."

Nikalia pale pale, mimi mwalimu wa kutulia.