Pipa Lililooshwa kwa Dawa ya Choo

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba sisi wanawake wa Ugogo hatukujua usafi mpaka Wadachi walipokuja, damu inanipanda. Nilikuwepo.

Nilikuwa mke mchanga wakati reli ilipokuwa inalazwa upande wa Kizota. Tembe letu lilikuwa karibu na kambi ya wafanyakazi, na jumbe alikuwa ameamriwa kwamba nyumba za jirani ziwapikie watu wa reli pombe ya uwele kila Jumapili. Kazi hiyo ikamwangukia mama mkwe wangu, kwa sababu hapakuwa na mpishi wa pombe aliyemfikia. Mimi nilimsaidia.

Watu walidhani siri yake ni kimea. Siri yake ilikuwa kuosha. Mtungi ukiisha, aliusugua kwa mchanga wa mtoni, akaumwagia maji ya moto yaliyochujwa kwenye majivu, akausuuza, kisha akaufudikiza juu ya moshi wa kuni kavu mpaka ndani ukauke kabisa. Vibuyu alivitia changarawe na maji ya moto, akanipa nivitikise mpaka mabega yaniume. Mwisho alitia pua kwenye mdomo wa chombo na kunusa. Akisikia harufu yoyote, tunaanza upya. Na maji yenyewe tuliyachota kwenye visima vya mchangani, kwenda na kurudi asubuhi nzima. Mtu mchafu hawezi kazi hiyo.

Siku moja msimamizi wa kambi, Mdachi, alikuja na mkalimani wake, mtu wa pwani aliyekuwa amekaa kwetu mpaka akakijua Kigogo. Nyuma yao askari wawili walikuwa wakiviringisha mapipa mawili matupu ya mbao yaliyowahi kutiwa nyama ya chumvi. Msimamizi alichungulia mitungi yetu, akakunja uso. Mkalimani akatuambia kwa Kigogo:

"Bwana anasema mitungi yenu ni michafu, imejaa masizi. Kuanzia leo mtatumia mapipa haya. Na mtayaosha kwa dawa hii."

Akatoa chupa. Harufu ile niliijua kabla hajaifungua. Ndiyo iliyokuwa ikimwagwa kwenye vyoo vya kambi, na upepo ulituletea kila siku.

"Baba," mama mkwe alimwambia kwa upole, "hiyo inaua wadudu wa chooni. Pombe nayo ni kitu hai. Na mbao zinakunywa harufu, haitatoka."

"Fanya ulivyoambiwa."

Walipoondoka tulikaa tukiyatazama mapipa. Mimi nilisema tukikataa tutapigwa. Yeye akasema tukikubali watu wataumwa. Tulibishana, ndipo akaamua: pipa moja tulioshe kwa dawa, ili wakija kunusa waisikie, halafu tulisuuze mpaka maji yatuishie, la pili tulioshe kwa majivu na moshi kama tulivyozoea. Maji ya siku mbili yaliishia kwenye lile pipa la dawa. Tulisuuza, tukanusa, tukasuuza tena. Harufu haikutoka.

Mkalimani alirudi kukagua. Alinusa pipa la kwanza akaitikia kwa kichwa, ameridhika. La pili hakulinusa.

Jumapili tukapeleka mapipa yote mawili yakiwa na pombe. Mama mkwe alimwita mkalimani kando, nikamsikia kwa masikio yangu: "Lile la kulia lina harufu ya dawa. Msiwape watu." Mkalimani akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akaamuru lianze hilohilo.

Kabla jua halijafika utosini, wanaume walikuwa wameinama nyuma ya mahema wakitapika. Mmoja, Mnyamwezi mtu mzima, alikuwa amelala chini ameshika tumbo, anatetemeka. Msimamizi akaja mbio, uso mwekundu. Hakuuliza swali hata moja. Alimwonyesha askari mmoja mama mkwe wangu kwa kidole, na yule askari akamchapa kiboko mgongoni, mara mbili. Mwanamke mtu mzima, aliyekuwa amewaonya! Alipiga magoti, lakini hakulia.

Nikapaza sauti kwa Kigogo: "Ni dawa yenu! Tuliwaambia! Onjeni pipa lile lingine!"

Mkalimani akamgeukia msimamizi, akasema kwa Kiswahili: "Anaomba radhi, Bwana. Anasema hawakuosha vizuri, hawakuelewa dawa."

Hakujua kwamba Kiswahili nilikuwa nakijua. Wafanyabiashara wa nguo wa Kondoa walikuwa wakipumzika nyumbani kwa baba yangu tangu nikiwa mdogo, na nilijifunza kwao. Nilisikia kila neno.

"Muongo!" nilisema kwa Kiswahili, tena kwa sauti. "Bwana, sikuomba radhi. Pipa hili tumeliosha kwa dawa yako ya choo. Lile tumeliosha kwa majivu. Onja mwenyewe."

Mkalimani alitazama chini. Msimamizi alichota kata kutoka pipa la kwanza, akaisogeza puani, akaimwaga. Akaenda kwenye la pili. Akaonja. Akanywa. Akachota tena akanywa yote, akapangusa ndevu, akasema maneno machache ya kwao, akaondoka zake.

"Anasemaje?" nilimuuliza mkalimani.

"Bwana anawaruhusu kutumia majivu."

Anaturuhusu! Majivu ya jiko letu! Mama mkwe alikuwa bado amepiga magoti, kaniki yake imechanika mgongoni, na hakuna aliyemwambia hata pole. Nilimwinua mwenyewe, nikampeleka nyumbani, nikamkanda kwa maji ya moto.

"Kesho usinipe mtungi wala pipa nioshe," aliniambia. "Nimemaliza."

Na kweli alimaliza. Jumbe alikuja kubembeleza, kisha kutisha. Mama mkwe alimjibu kwamba mgongo wake haunyooki, akamwonyesha. Jumbe akainuka akaenda kutafuta nyumba nyingine. Yule Mnyamwezi alipona baada ya siku kadhaa, akapita kwetu kumsalimu, akamletea chumvi. Ni yeye peke yake aliyekuja.

Miaka mingi baadaye, Wadachi wakiwa wameshaondoka, nilikutana na yule mkalimani sokoni, mvi zimemjaa. Alinisalimu kwa furaha kama ndugu aliyepotea, akauliza mama mkwe hajambo.

"Amekufa," nilisema. "Hukumwomba radhi."

"Ah, mama, siku zile sote tulikuwa tunatumwa tu."

"Hakuna aliyekutuma useme uongo."

Nilimwacha amesimama katikati ya magunia ya uwele, nikaenda zangu.